Treni ya Saa Nne na Robo

Hilari Nandonga, karani wa mizani wa chama cha ushirika,
mchana alipima korosho, usiku akapima yasiyokuwa.
Mimi ndiye niliyempigia chapa. Riwaya saba,
taipureta moja, herufi ya r imevunjika mguu,
kwa hiyo kila reli yake ilichechemea kidogo.

Alianza na kengele ya shule.
Nachingwea nzima inaijua: kipande cha reli
kinaning'inia kwa waya, kinagongwa kwa nati.
Wazungu walikuja kulima karanga, karanga zikawagomea,
miaka ikapita, na reli nayo ikang'olewa;
kikabaki hicho, cha kuwaita watoto.
Hilari, darasa la tatu, akanyoosha kidole:
"Mwalimu, na kama wasingeing'oa?"
Akachapwa mbili. Moja ya swali, moja ya "kama".

Riwaya ya kwanza ikajibu.
Humo mvua ilinyesha ilipotakiwa,
stesheni yetu ikawa ya ghorofa,
na vijana wa Dar wakaja huku kutafuta kazi,
wakachekwa kwa lafudhi yao.

Ya tatu ndiyo iliyomgombanisha na watu.
Aliandika vita vya Majimaji, na maji yakafanya kazi:
risasi zikatoka mitutuni zikiwa matone,
askari wa Kijerumani wakalowa, wakaona haya.
Wasomaji walishangilia hadi ukurasa wa tisini.
Kisha washindi wakakaa kugawana kisima,
na bado zilikuwapo kurasa mia mbili.
"Mbona umetuharibia ushindi?" wakamuuliza sokoni.
Akasema, "Nimebadili risasi tu. Watu sikuwagusa."

Wachapishaji wa Dar wakamrudishia bahasha:
hii si historia, na hadithi haihitaji tarehe nyingi hivi.
Akauza mbuzi, na bati alizowekea jiko,
akatoa nakala mia tatu. Zikanunuliwa arobaini.
Nyingine tulizikuta mnadani, ukurasa kwa ukurasa,
zimeviringishwa pakiti za karanga.
Alinunua tano, akala, akasoma pakiti,
akasema karanga zimezidi chumvi, sura ya sita haina.

Sasa, kuhusu yule mwanamke.
Katika kila riwaya, saa nne na robo asubuhi,
treni ya kutoka Mtwara inasimama, anashuka abiria
mwenye kanga ya korosho na mtoto mchanga mgongoni.
Anauliza saa. Anaambiwa. Anasema, "Kumbe mapema,"
anaondoka. Hana jina. Hana kazi yoyote katika kisa.
Kwenye ya tano nilimfuta,
nikidhani mwandishi amejisahau, anajirudia.
Kesho yake Hilari akaja na kilo mbili za mbaazi
na ukurasa ule. "Mrudishe."

Sikuuliza. Dada yangu ndiye aliyeniambia:
mvua za Januari, mwaka sabini na tisa,
Melania, mkewe, uchungu umemshika,
lori la korosho, tope la njia ya Masasi,
siku mbili.
Walirudi yeye na mtoto
ndani ya turubai lilelile la chama.

Nikaupiga upya ukurasa, polepole,
kila r nikiirudia mara mbili ili isimame.
Mbaazi nilizipika. Ningefanyaje?

Hilari tulimzika mwaka juzi, riwaya ya nane haijaanza.
Nilichelewa mno kugundua kuwa saa nne na robo
ndiyo kengele ya mapumziko,
chuma kinapolia na watoto wanapomwagika nje
wakisukumana, wote wazima.

Mwezi huu wameleta kengele ya umeme.
Chuma kimetupwa stoo, kati ya madawati mabovu.
Nimekwenda kukiomba; mwalimu mkuu anataka barua.
Basi naandika barua.
Yah: Kuomba kupewa reli,
urefu futi mbili.